Mizani

Miaka thelathini na miwili nilipima pamba Shumanay.
Gunia lenye jiwe nalijua kwa mlio wa kamba.
Basi uliporudi kutoka hospitali ya Nukus, Tazagul,
kilo arobaini na moja, na viatu miguuni,
nilikupandisha mizanini kila Jumamosi
bila kukuuliza, mkazamwana, kama wapenda.

Arobaini na tatu. Arobaini na sita.
Nikachinja kuku.
Nikamwambia mwanangu Perdebay: kumbe hata kifua kikuu sugu
hushindwa na mchuzi.

Hamsini na tano.
Sitini.
Nawe huli! Mkate waumega kama wamegea shomoro.
Nikaanza kuhesabu mayai.
Nikafunga kabati la siagi, ufunguo nikaushonea ndani ya shali.
Mungu anisamehe, nilidhani wala usiku.

Na usingizi ule. Mikate iliungulia tandirini
nawe umekaa pembeni yake, macho wazi.
Soksi za sufu mwezi wa saba,
ng'ombe wametoa ndimi kwa joto, wewe waomba blanketi.
Sauti ikazama hadi ukawa waongea
kama mjomba wako Orazbay mwenye mafua.
Nikikuuliza neno asubuhi, jibu lafika adhuhuri,
limechoka njiani.

Nikawaambia majirani: kifua kimepona, umebaki uvivu.
Walicheka.
Niliyeanza kucheka ni mimi.

Biybisara akaleta pakiti ya chumvi ya madini joto,
akasema tazama shingo yake, imejaa.
Chumvi! Hapa upepo wa kaskazini hutunyeshea chumvi
toka kwenye kitako cha bahari iliyokauka,
yaingia kwenye maziwa, yaingia kwenye kope.
Nikampa maandazi aende zake.

Muuguzi Aysanem, anayekuja kila siku kukutazama ukimeza,
ndiye aliyeona kitana kimejaa nywele.
Akakupigisha magoti juu ya kiti,
akakugonga nyuma ya kifundo kwa nyundo ya mpira:
mguu uliruka,
kisha ukarudi polepole, polepole,
kama mtu aliyeingia chumbani akasahau alichofuata.
Akatoa damu. Akaondoka bila kunywa chai.

Jibu likaja Alhamisi.
Ni dawa, alisema. Vile vidonge vya protionamidi,
na ule unga wa PASI umezao na mtindi,
vikiwa pamoja huibana tezi ya shingo isifanye kazi,
na tezi ikilala mwili wote hupoa.
Maji yanayomzamisha mdudu ndiyo yanayozima jiko.

Nikauliza, basi tuache?
Alinitazama nilivyokuwa nikimtazama kibarua
aliyegusa mizani kwa kidole.
Hakuna kuacha. Bado miezi tisa.
Aongeze hiki.
Kidonge kama punje ya dengu, cheupe.
Alfajiri, tumbo tupu, maji matupu, chai baada ya saa nzima.
Dawa zile zikiisha, tezi huenda ikaamka yenyewe.

Usiku ule nilifumua shali.
Ufunguo niliuweka juu ya meza, karibu na kikombe chako.
Hukuuliza ulikuwa wapi.
Nami sikusema.
Mizani husema ngapi, haisemi kwa nini,
na mimi maisha yangu yote nimeandika ngapi.

Sasa simu hulia saa kumi na moja, giza, baridi,
natia maji kwenye glasi, nakuletea dengu lako kiganjani.
Wiki ya kwanza, kimya. Ya tatu, kimya,
nikaanza kumtukana Aysanem moyoni.
Ya sita ukavua soksi.

Na jana, nilipokwambia unga umeukanda vibaya,
ulinijibu papo hapo, kwa sauti yako ile nyembamba:
"Mama, kande wewe basi."
Mkwe kumjibu mkwe hivyo!
Nilitoka nje, nikasimama nyuma ya banda la ng'ombe
Perdebay asinione navyocheka.
Jumamosi hii sikuitoa mizani.
Ipo chini ya kitanda, imefunikwa gunia.
Kesho tena, saa kumi na moja.
Usiniambie umekwisha kuamka.
Niache nije.